Maua Yaletwayo na Mundu

Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni, adhabu ya kila kosa dogo ilikuwa moja: fyekeo. Aliyechelewa sala, aliyezungumza darasani, aliyesahau kupiga pasi shati lake, wote walikutana nyuma ya bweni wakati wa jua kali, wakiinama na kuinuka kama watu watwangao. Tulifundishwa kwamba majani ni adui. Yakiwa marefu huficha nyoka. Yakiwa mafupi huonyesha ustaarabu. Hakuna aliyetuambia kwamba chombo kile kile cha kukatia, kikishikwa na mtu ajuaye siku ya kukishika na siku ya kukiweka chini, chaweza kuotesha maua.

Najua yuko ndugu atakayeuliza: mfanyakazi anahangaika na bei ya unga na nauli ya basi, nawe watuletea habari za maua? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Maua nitakayoyaeleza leo si yale ya kutiwa chupani mezani kwa tajiri. Ni maua ya shamba la majani ya ng'ombe, yaliyotunzwa kwa karne nyingi na wakulima waliohitaji lishe ya mifugo yao. Yalipopotea hayakupotea kwa uvivu wa mtu. Yalipotea kwa hofu ya njaa, kwa amri ya Serikali, na kwa kitu ambacho kila mkulima hukitamani, yaani rutuba. Na sasa yanaporudishwa, yanarudishwa kwa kazi ya mikono na kwa subira. Kisa chenyewe kilitokea Uingereza, lakini mafunzo yake hayahitaji pasipoti.

KUFUNGA, KUKATA, KUCHUNGA

Katika nchi ya baridi majani huacha kukua miezi mingi ya mwaka, na ng'ombe hawezi kungoja. Kwa hiyo mkulima wa Uingereza wa zamani alitenga sehemu ya ardhi yake, na yalipofika majira ya machipuko aliifungia mifugo nje, akaacha majani yakue pamoja na maua yote yaliyojiotea humo. Mwezi wa Julai, jua lilipowaka, alikata kwa mundu mrefu ushikwao kwa mikono miwili. Aliyageuza yale majani juani siku kadhaa mpaka yakakauka, kisha akayabeba ghalani yawe akiba. Baada ya hapo alifungua lango, ng'ombe na kondoo wakaingia kula machipukizi hadi baridi ilipokaza.

Kufunga, kukata na kuchunga: mambo matatu hayo ndiyo yaliyoyaumba maua. Kwa kufunga, ua lilipata nafasi ya kuchanua bila kuliwa. Kwa kuchelewesha kukata mpaka Julai, ua lilipata nafasi ya kukomaza mbegu. Kwa kugeuza majani juani, mbegu zilipukutika zikarudi ardhini. Kwa kuyaondoa majani yote, ardhi haikupata kunenepa. Na kwa kwato za ng'ombe, mbegu zilikanyagwa zikaingia udongoni mahali pasipo na zulia zito la nyasi. Hapana hata hatua moja iliyofanywa kwa ajili ya urembo. Mkulima alitafuta lishe, na maua yakaja kama chenji ya kazi yake.

Yafaa nitaje mahali pamoja ili msomaji asidhani hizi ni hadithi za sungura. Karibu na mji mdogo wa Cricklade, penye mto Thames ungali mchanga, liko shamba la majani liitwalo North Meadow. Humo huota ua la ajabu: linainama kama kengele, na petali zake zina miraba ya zambarau na nyeupe kama ubao wa drafti. Inakadiriwa kwamba asilimia 80 hivi ya maua yote ya namna hiyo yaotayo porini Uingereza yamo katika shamba hilo moja. Je, ni kwa bahati? La. Haki ya kukata majani hapo iligawanywa mafungu, na mafungu yakawekewa mawe ya mipaka. Na haki ya kuchunga ilikuwa ya wenyeji wa mji kwa pamoja, kuanzia tarehe 12 Agosti hadi tarehe 12 Februari. Aliyetaka kulima hapo angekuwa anawanyang'anya jirani zake malisho. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku angekuwa anakula majani ya mwenziwe. Sheria ile ya ushirika, iliyotungwa kwa ajili ya ng'ombe, ndiyo iliyolihifadhi ua hadi leo.

ARDHI INAPOSHIBA

Sasa tufikie jambo gumu kidogo, ambalo mkulima wetu atalishangaa. Maua haya hupenda udongo maskini. Udongo ukishiba, yanakufa.

Sababu yake ni nyepesi ukishaelezwa. Nyasi zenye nguvu zikipata chakula kingi huota haraka, hurefuka, na kuwafunika jirani zao mpaka hao wanakosa mwanga. Udongo ukiwa hafifu, hakuna mwenye nguvu ya kumkandamiza mwenziwe. Kila mmea hupata nafasi yake, mmoja mapema, mwingine baadaye, mmoja mfupi, mwingine mrefu. Umaskini wa udongo, kwa namna hii, ni ulinzi wa wanyonge.

Ushahidi wa jambo hili umekuwako wazi tangu 1856. Mwaka huo, huko Rothamsted, kaskazini ya London, Bwana John Lawes pamoja na mkemia Joseph Gilbert waligawa shamba kuukuu la majani katika vipande. Vingine walivitia mbolea za namna mbalimbali kila mwaka. Vingine hawakuvitia kitu. Lawes mwenyewe alikuwa na kiwanda cha mbolea, na alitaka kujua jinsi ya kupata majani mengi zaidi. Alipata jibu lake, kwani vipande vilivyopewa mbolea kamili vilitoa majani mengi. Lakini alipata na jibu ambalo hakuliuliza. Katika miaka michache tu vipande vile vilianza kuonekana kama vilivyopandwa mbegu tofauti kabisa. Jaribio hilo linaendelea hadi leo, na ni mojawapo ya majaribio ya shambani yaliyodumu kuliko yote duniani. Katika kipande kisichotiwa kitu huhesabiwa aina 40 hivi za mimea. Katika kipande kilichotiwa naitrojeni nyingi kwa namna ya amonia bila chokaa, hubaki aina mbili tatu tu.

Kwa hiyo wataalamu wa Uingereza walikuwa na habari hiyo mikononi kwa muda wa miaka zaidi ya 80 kabla ya maangamizi yenyewe. Kujua ni jambo moja, na kutenda ni jambo jingine.

PAUNI MBILI KWA EKARI

Mwaka 1939 vita ilipokuwa inabisha hodi, Uingereza ilikuwa inaagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka ng'ambo kwa meli. Serikali iliona kwamba meli zikizamishwa watu watalala njaa. Ikatangaza kwamba mkulima atakayelima shamba lake la majani apande nafaka au viazi atalipwa pauni 2 kwa kila ekari. Kisha zikaundwa kamati za kilimo za vita katika kila jimbo, zenye mamlaka ya kumwamuru mkulima alime, na hata ya kumwondoa shambani akikataa. Mamilioni ya ekari yakapinduliwa kwa plau katika miaka michache.

Haifai sisi leo tuliokaa kitako kuwacheka watu wale. Palipo na watoto wa kulishwa na meli zinazozama, mtu hachagui ua kuliko mkate. Nami ningekuwa katika kamati ile ningetia sahihi. Kosa halikuwa kulima wakati wa vita. Kosa lilikuwa kwamba vita ilipokwisha, plau haikujua kusimama. Sheria ya kilimo ya 1947 iliwahakikishia wakulima bei, na kila kishawishi kikawa upande wa kuongeza mavuno. Mbolea ya chumvichumvi ikawa rahisi kupatikana. Mashamba ambayo hayakulimwa yalitiwa mbolea hiyo, au yalipandwa upya nyasi za aina moja ziotazo haraka. Hata kukata kukabadilika. Badala ya kungoja Julai na kuomba jua, mkulima aliweza kukata majani mabichi tangu mwezi wa Mei, akayavundika yakawa sileji, akakata tena, na tena. Ua lililozoea kukomaza mbegu kabla ya mundu sasa lilikatwa kabla halijachanua. Mmea unaoishi mwaka mmoja, ukikosa mbegu mara moja au mbili, umekwisha.

Hesabu ilipofanywa katika miaka ya 1980, ilionekana kwamba tangu miaka ya 1930 nchi za Uingereza na Wales zilikuwa zimepoteza asilimia 97 ya malisho ya asili ya nyanda za chini. Fikiri ndugu msomaji: kati ya mashamba 100 yamebaki 3. Na hili halikutendwa na mwizi usiku. Lilitendwa mchana, na watu wema, kwa fedha ya umma, kila mmoja akilima kipande chake tu.

NYUKI ALIYEHAMA

Hasara ya namna hii haikomei kwenye ua. Nitatoa mfano mmoja, wa nyuki.

Yuko nyuki mkubwa wa nchi za baridi, mwenye manyoya mengi mwilini, avumaye kwa sauti nene. Aina zake ni nyingi, na baadhi yao wana ulimi mrefu uwezao kufika ndani ya ua la klova nyekundu. Katika karne ya 19 wakulima wa New Zealand walipanda klova hiyo kwa lishe ya mifugo, lakini haikutoa mbegu za kutosha, maana hapakuwa na nyuki wa kuichavusha. Mwaka 1885 nyuki wakachukuliwa Uingereza, wakasafirishwa katika vyumba vya baridi vya meli hadi New Zealand, na huko wakastawi. Nyuki wa mashamba ya majani ya Kiingereza akawa mfanyakazi katika uchumi wa nchi iliyo upande wa pili wa dunia.

Miaka 100 hivi baadaye, aina mojawapo ya wale waliosafirishwa haikuonekana tena Uingereza. Mara ya mwisho ilikuwa 1988, huko Dungeness, pwani ya kusini-mashariki, na mwaka 2000 ikatangazwa kwamba imetoweka nchini. Watu wakakumbuka wajukuu wake walioko New Zealand, wakajaribu kuwarudisha, haikufaulu. Mwaka 2012 wakaleta malkia kutoka Uswidi, wakawaachia Dungeness, na wakarudia miaka iliyofuata. Nyuki mwenyewe hakupata kujijenga upya. Lakini ili kumwandalia makao, wakulima wa eneo lile walipanda na kutunza maua katika mashamba yao, na nyuki wengine waliokuwa wameadimika wakaanza kurudi wenyewe bila kualikwa. Mgeni aliyeandaliwa karamu hakukaa, lakini majirani wenye njaa wakashiba. Kazi haikupotea.

JINSI YA KURUDISHA

Basi, shamba lililokwisha kuharibika laweza kurudishwa? Laweza, lakini si kwa njia ambayo watu wengi hudhani.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuliangalia jambo hili kwa uzito alikuwa Bibi Miriam Rothschild, mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa 1908 na kufariki 2005. Alizaliwa katika ukoo wa matajiri, lakini hakuona haya kutambaa majanini akiokota mbegu. Katika shamba lake huko Ashton, jimbo la Northamptonshire, alianza kuotesha na kukusanya mbegu za maua ya porini, na mchanganyiko wake mmoja akauita kwa utani “Jinamizi la Mkulima”, maana yalikuwa ni yale yale ambayo wakulima walikuwa wamehangaika kuyaua kwa dawa.

Kosa la kwanza la waanzao kazi hii ni kununua pakiti ya mbegu na kuzimwaga juu ya nyasi nene. Mbegu haziioni ardhi, na ndege wanashukuru. Kosa la pili ni kupanda mipopi myekundu na maua mengine ya mashamba ya ngano. Mwaka wa kwanza shamba huwaka kama bendera, watu wakapiga picha. Mwaka wa pili hakuna kitu. Maua hayo huishi mwaka mmoja na hutaka udongo uliolimwa kila mwaka. Maua ya shamba la majani ni ya namna nyingine: mengi huishi miaka mingi, huanza taratibu, na huenda yasichanue mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Kosa la tatu, nalo ni kubwa kupita yote, ni kuiongezea ardhi mbolea ili “kuyasaidia” maua.

Kazi ya kweli huanza kwa kuidhoofisha ardhi. Hukatwa majani na kuondolewa, mwaka baada ya mwaka, bila kuirudishia kitu, ili chakula kilichozidi kitoke kidogo kidogo. Naitrojeni haichelewi sana kupungua, lakini fosforasi ya mbolea yaweza kukaa udongoni kwa miongo mingi. Mahali pengine hulazimika kuukwangua na kuuondoa udongo wote wa juu.

Kisha huletwa msaidizi. Liko ua dogo la manjano ambalo Waingereza hulipa jina lenye maana ya kayamba, kwa sababu likikauka mbegu zake hulia ndani ya ganda. Wazee walisema kayamba ikilia, majani yako tayari kukatwa. Mmea huu una majani yake ya kijani na hujitengenezea sehemu ya chakula chake, lakini mizizi yake huishika mizizi ya nyasi jirani na kuinyonya. Msomaji aliyelima mahindi au mtama atakuwa amekwisha kumtambua: ni wa ukoo mmoja na kiduha, yule adui anayenyong'onyeza mazao yetu. Mkulima wa Uingereza wa zamani naye aliichukia kayamba, maana ilipunguza majani yake. Leo hupandwa makusudi, kwa kuwa huzipunguza nguvu nyasi zile kubwa na kuwafungulia wadogo mlango. Mbegu zake lazima zipandwe kabla ya majira ya baridi, kwani hazioti bila kupigwa na baridi, na zikikaa ghalani muda mrefu hufa.

Mbegu za maua mengine njia bora ni kuzipata kwa jirani. Huchaguliwa shamba kuukuu lililosalia, lenye udongo wa namna moja na lile linalotengenezwa. Mwezi wa Julai au Agosti mwanzoni hukatwa sehemu ya majani yake yangali mabichi, yenye mbegu zilizokomaa, na siku ile ile hupakiwa na kutandazwa katika shamba jipya, ambalo nusu yake hivi imekwaruzwa mpaka udongo ukaonekana. Yakichelewa hadi kesho huanza kupata joto na kuoza ndani ya rundo. Hivyo shamba kuukuu linakuwa mama wa shamba jipya. Lakini kumbuka lile asilimia 3. Pasipo na mama hapana mtoto. Na kila shamba kuukuu linalolimwa leo laua na wale ambao wangezaliwa kwalo kesho.

Na baada ya kupanda, kazi ni ile ile ya zamani: funga, kata, ondoa, chunga. Anayekata na kuyaacha majani yaoze papo hapo ameirudishia ardhi shibe yake. Anayeacha kukata kabisa, akisema anaiachia asili, atapata nyasi ndefu, kisha miiba, kisha kichaka, wala hatapata maua.

Je, subira hiyo ina malipo? Rothamsted wamejibu tena. Mwaka 1989 waliacha kutia naitrojeni katika nusu ya baadhi ya vile vipande vya 1856. Mwaka 2015 wataalamu wao walitoa taarifa kwamba wingi wa aina za mimea ulikuwa umerudi kwa kiasi kikubwa. Ardhi ilikuwa imetiwa mbolea kwa muda wa miaka zaidi ya 100, na bado ilikumbuka njia ya kurudi.

KAZI YA NANI?

Yasidhaniwe kwamba kazi hii ni ya wenye mashamba makubwa peke yao. Ilipojengwa barabara mpya ya Weymouth, iliyofunguliwa 2011, kingo zake hazikufunikwa udongo mnono kama ilivyo desturi. Ziliachwa katika chokaa yake nyeupe, zikatiwa udongo kidogo tu na mbegu za maua. Vipepeo wa aina nyingi wakahamia huko, hata wale walio haba. Na faida nyingine ambayo mtunza hazina yeyote ataipenda ni kwamba kingo maskini hazitaki kufyekwa mara kwa mara. Huko Cambridge, bustani ya nyasi ya King's College, iliyotandazwa 1772 na kukatwa mfupi kama zulia tangu hapo, sehemu yake ilipandwa maua mwaka 2019. Watafiti walipoichunguza, wakatoa taarifa 2023, waliona kwamba aina za mimea, buibui na wadudu waliokuwamo zilizidi mara tatu zile za nyasi fupi iliyobaki jirani. Waliofanya mageuzi hayo ni watunza bustani wa chuo, na mwaka 2021 majani yalivunwa kwa farasi wakubwa wa kukokota.

Na Serikali je? Hapa pana kichekesho cha historia. Serikali iliyomlipa mkulima pauni 2 kwa ekari mwaka 1939 ili alime, ilianza mwaka 1987 kuwalipa wakulima wa sehemu kadhaa, kama vile mabonde ya milima ya Pennine, ili wasilime, wasitie mbolea nyingi, wala wasikate kabla ya siku. Mwaka 2013, katika kuadhimisha miaka 60 tangu Malkia Elizabeth kutawazwa, ulianzishwa mpango wa kuteua shamba kuukuu katika kila jimbo na kulifanya mama wa mashamba mapya. Mambo hayo ni mema. Lakini mwenye hesabu ataona kwamba taifa limelipa mara mbili, mara ya kwanza kuharibu na mara ya pili kutengeneza, na malipo ya pili hayana mwisho wa karibu.

BUSTANI YA MUNGU

Nasi wa Tanzania hatuna haki ya kuzungumza habari hizi kama watazamaji tu. Katika nyanda za juu za kusini, penye mwinuko wa mita 2,600 hivi, iko Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Wakati wa mvua, tangu mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Aprili, uwanda wake hujaa maua. Zimeorodheshwa aina 350 hivi za mimea, na kati yao aina 45 ni za okidi za ardhini. Mwaka 2005 ikawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya joto kutengwa hasa kwa ajili ya maua yake.

Adui wa Kitulo hakuwa mbolea. Alikuwa jembe dogo na gunia. Viazi vya okidi huchimbwa na kuuzwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilivuka mpaka kila mwaka kutoka nyanda za juu za kusini. Anayechimba kiazi hakati ua arudi mwakani. Anaua mmea wote. Na mchimbaji mwenyewe si jambazi. Ni mtu atafutaye ada ya shule ya mwanawe, kama vile mkulima wa 1939 alivyotafuta pauni zake mbili. Kumkemea ni rahisi. Kumpatia kazi nyingine yenye kipato ndiyo siasa ya kweli ya kulinda maua.

Sisemi kwamba tuyachukue yote ya Uingereza tukayatie Kitulo. Udongo ni mwingine, mvua ni nyingine, na mila za wenyeji ni nyingine. Nasema jambo moja tu, nalo ni hili: mbuga ya maua haijitunzi kwa kusifiwa, wala hairudi kwa kutamaniwa. Huwako pale ambapo watu wamekubaliana nani akate nini, siku gani, na kiasi gani akiache. Wakivunja mapatano hayo kwa tamaa ya msimu mmoja, wajukuu wao watayalipa kwa kutambaa chini wakitafuta mbegu.

Wazee wetu walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Waingereza waliuacha mbacha wao mwaka 1939 kwa sababu nzito, na msala ukapita. Sisi mbacha wetu ungali umetandikwa huko Kitulo. Ndugu msomaji apitapo Makete wakati wa mvua, na asimame kidogo autazame, kisha amwulize mwenyeji wake swali moja: mwaka huu, ni nani aliyepewa jembe, na ni nani aliyepewa kazi?